Mbalamwezi Kwenye Ombi la Ufadhili

Mimi si mtu wa kunyamaza, na walionilea wanajua. Kwa hivyo mwalimu wangu wa chuo aliponipigia simu na kusema, “Hiyo mbalamwezi itoe,” nilicheka kwanza. Nilikuwa nyumbani kwangu Suna, namalizia ombi la ufadhili wa watafiti wa afya na jamii wanaotumia akili mnemba.

Zahanati za pande zetu zilikuwa zimeletewa programu ya kutabiri ni mgonjwa gani atakosa kliniki. Ilifundishwa kwa rekodi za Uriri, ambako wakulima huja kliniki siku ya soko, wanunue sukari wakirudi. Huko ilifanya kazi safi. Kisha ikabebwa vilevile mpaka Rusinga, na huko ikaanza kuita watu watoro. Ukishaitwa mtoro, hupewi tena dawa za miezi mitatu. Unapewa za mwezi mmoja tu, ili urudi uonekane.

Dada yangu mkubwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, huko kisiwani, na anakunywa dawa za presha. Alinipigia akiwa amechemka. “Nyamera, eti mimi mtoro! Natoroka nikienda wapi, ziwani?”

Nilikasirika kuliko yeye. Shida niliijua kabla hata sijafungua kompyuta. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi iking'aa taa hazina kazi, na mashua hupumzika. Basi siku za giza akina mama wako ufuoni tangu alfajiri, wanaanika na kugeuza. Ukiiacha omena yako uende kupanga foleni, utarudi ukute imeoza. Mbalamwezi ikirudi, wanapata nafasi, na kliniki inajaa. Nilipoingiza mzunguko huo kwenye hesabu, watoro wengi waligeuka kuwa watu wenye ratiba. Kompyuta haikuwa na ubaya wowote, ila ilisomeshwa shambani ikapelekwa ziwani.

“Watasema ni unajimu,” mwalimu akasisitiza kwenye ile simu. “Weka mvua, weka umbali, vitu wanavyovijua. Ukikosa huu ufadhili, programu itabaki vile ilivyo, na dada yako vilevile.”

Hapo alinipata. Niliogopa, sitadanganya. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hao wa ufadhili hawajawahi kuanika omena. Mbalamwezi niliiacha, tena nikaipandisha mpaka ukurasa wa kwanza.

Siku ya mahojiano, kwa video, mzee mmoja wa jopo alivua miwani. “Mama, ushirikina umeingia lini kwenye sayansi ya data?”

“Mzee, unakula omena?” nikamuuliza.

Akasema anaipenda sana.

“Basi giza ndilo linalokuletea chakula mezani. Litashindwaje kuamua nani atafika kliniki?”

Wenzake wakaangua kicheko. Nikawaonyesha michoro yangu, ya Uriri na ya Rusinga, na hakuna aliyecheka tena. Waliuliza maswali mazuri, nikayajibu yote.

Habari za kukubaliwa zilipofika, nilienda Rusinga kumwambia dada mwenyewe. Nilimkuta ufuoni, omena mbichi imetandazwa juu ya nyavu kila upande. Alipiga kigelegele, akanikumbatia kwa mikono inayonuka samaki, akawaita wenzake waje wamwone mdogo wake. Nilijisikia mkubwa, wacha we!

Kisha akauliza, “Kwa hivyo leo watanipa za miezi mitatu?” Kumbe ilikuwa siku yake ya kliniki.

“Bado,” nikamwambia. “Lazima kwanza tujaribu, tupime, tuthibitishe. Itachukua mwaka, pengine zaidi.”

“Mwaka!”

Akatazama omena, akatazama jua. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Nilivua viatu nikakunja sketi.

“Nenda kliniki,” nikamwambia. “Hii nitaigeuza mimi.”