Mwano wa Nyanjige

Mama yangu, Nyanjige, alikuwa na mdomo. Nasema hivyo bila aibu, maana kijiji kizima kilisema, na wengi waliosema walikuwa wamekwisha kuonja makali yake. Alifiwa na mume mimi nikiwa bado nanyonya, akakataa kurithiwa na shemeji yake, akalima pamba peke yake huku kwetu upande wa Zagayu. Kusoma hakujua. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja: mimi, Shida, nifike sekondari. Kwa ajili hiyo alikuwa na mtamba mmoja mwekundu, na aliyethubutu kumshauri amuuze kwa shughuli nyingine alifukuzwa mlangoni na mwiko mkononi. Watu wakacheka, wakampa yule mtamba jina la Sekondari. Mama naye akalipenda jina hilo, akawa anamwita hivyo hivyo akimpeleka malishoni.

Tatizo ni kwamba shule yetu haikuwa imempeleka mtoto yeyote sekondari tangu ijengwe. Walimu walicheleweshewa mshahara miezi na miezi, kwa hiyo walilima pamba, na sisi wanafunzi ndio tuliokuwa majembe yao. Halafu akaja Mwalimu Dastan, kijana wa Malampaka, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Huyu alifundisha. Sisemi alikuwa malaika. Alichapa, na fimbo yake iliuma. Lakini alikuchapa kwa sababu ya hesabu, hakukuchapa kwa sababu ya palizi. Darasa la saba tulikuwa tunaingia darasani hata Jumamosi.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa na mizani zao, vyama vya siasa vimekuwa vingi, na serikali imesema haiwezi tena kubeba shule peke yake, wananchi wachangie. Upepo ulipoezua madarasa mawili, diwani wetu Januarius, wakala wa pamba aliyegeukia siasa, akaitisha mkutano. Akatangaza kwamba kila kaya itachangia bati, na atakayekaidi, mifugo yake itakamatwa. Machibya wa upinzani akapanda juu ya benchi akapiga kelele kwamba zamani elimu ilikuwa bure na waliotufikisha hapa ni wale wale wanaotuomba bati. Wakatukanana. Vijana wa pande zote mbili wakashikana mashati, mmoja akapasuliwa mdomo kwa kiti. Hivyo ndivyo tulivyojadili elimu.

Mama akasimama katikati ya vumbi hilo.

"Mwadila, bhabha," alimsalimu diwani.

"Mwadila, mayu. Sema."

"Mnagombania nani alipe. Mimi nauliza, tunalipia nini? Mtoto wa Machibya huyu amemaliza la saba, jina lake mwenyewe analiandika kwa kubahatisha. Sasa bati ndilo litamfundisha? Tuletee walimu wengine kama Dastan, nitatoa ng'ombe mzima. Kwa bati sitoi hata kwato."

Watu wakapiga makofi mpaka Machibya akasahau kwamba mtoto wake ndiye aliyetukanwa, naye akapiga. Januarius alitabasamu tu. Lile tabasamu halikunipendeza hata kidogo.

Walikuja baada ya msimu wa pamba, asubuhi, mama akiwa shambani anang'oa mabua ya pamba. Mgambo wawili walifungua zizi wakamtoa Sekondari. Njia ya kwenda ofisi ya kata inapita mbele ya shule, kwa hiyo nilimwona mtamba wetu kupitia dirishani, anavutwa kwa kamba, nikapiga kelele kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo. Mwalimu Dastan akaweka chaki chini, akatoka.

"Jamani, mwacheni," aliwaambia. "Huyu mama ana mtoto anafanya mtihani mwaka huu. Mtamba huyu ndiyo ada yake. Mimi mwenyewe nitakwenda kuzungumza na diwani."

Wakabishana. Mgambo mmoja alikuwa baba wa mwanafunzi, akaona haya, akamwachia mwalimu kamba. Mwalimu akamgeuza mtamba aanze kumrudisha nyumbani.

Wakati huo huo mama alikuwa amefika nyumbani akakuta zizi wazi, na kwa mbali akaona migongo ya mgambo. Akapiga mwano.

Asiyekulia kwetu hawezi kujua mwano ni kitu gani. Ni yowe la kuibiwa ng'ombe. Ukilisikia unaacha jembe, unaacha ugali, unaacha mgonjwa, unashika silaha unakimbilia linakotoka, na unalipiga na wewe ili wa mbele yako walisikie. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, humwadhibu mtu anayebaki nyumbani. Hakuna kusimama kuuliza. Ndiyo maana wizi ulikuwa umekwisha kwetu, na ndiyo maana mama aliutumia. Alijua kabisa kwamba ni mgambo. Aliniambia baadaye: "Nani alisema mwizi havai kofia ya serikali?"

Wakatokea kila upande, wenye rungu, wenye mikuki, wenye mapanga, hata kutoka ng'ambo ya mto ambako hakuna aliyemjua Dastan. Mgambo walipowaona walitimua mbio kwenye mtama, maana wao walikulia kwetu. Mwalimu hakukimbia. Alikuwa amesimama barabarani na kamba ya ng'ombe mkononi, akiwasubiri awaeleze.

Wa kwanza kumfikia alikuwa mjomba wangu Mwandu, ndugu wa mama wa tumbo moja, aliyekuwa ameolea ng'ambo. Alimpiga rungu la kichwa, mwalimu akakaa chini kama mtu aliyechoka. Akainua mkono. Panga likaukata ule mkono. Nililia jina lake kwa nguvu zangu zote, darasa zima lililia, lakini mwano ulikuwa bado unapigwa na sauti zetu zilizama humo. Wakampiga mawe, wakampiga kwa mipini ya majembe, wakamkanyaga usoni. Niliona watu wa chama tawala na watu wa upinzani bega kwa bega, na Machibya akiwa na gongo lenye damu. Siku hiyo hawakuwa na ubishi wowote. Mama alipofika anahema, alijipenyeza mpaka katikati, akaona ni nani. Akamlalia juu. Walimpiga na yeye mapigo mawili matatu kabla Mwandu hajamtambua dada yake.

Mwalimu Dastan alikufa pale pale barabarani. Sekondari alikuwa pembeni anakula majani.

Kesho yake sungusungu walikaa kwenye kiwanja cha shule. Mama wa marehemu, Wilhelmina, alikuwa amefika kutoka Malampaka kumchukua mwanawe, akakaa chini karibu na maiti iliyofunikwa kanga. Kiongozi wa sungusungu, mzee Masunga, ambaye sisi tulimwita mtemi, hakupoteza muda. Polisi walikuwa njiani kutoka Bariadi. Kama aliyeuawa ni mwizi wa ng'ombe, basi ameuawa na umma, na umma haufungwi. Kama si mwizi, Mwandu na wenzake watakwenda kunyongwa, na aliyepiga mwano wa uongo atachapwa na kutengwa.

"Mayu Nyanjige," mtemi alisema kwa upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali, "ulimwona mtu na kamba ya ng'ombe wako. Sema hivyo tu. Mtamba ni wako, na mtoto wako akifaulu kijiji kizima kitamsomesha. Nimesema mimi mbele ya watu."

Nilimwangalia mama. Kila alichokitaka tangu nizaliwe kilikuwa kimewekwa mbele yake, na alitakiwa kusema neno moja. Wilhelmina hakuinua kichwa.

"Mwanangu alikuwa mwizi?" Wilhelmina aliuliza, akiwa bado ametazama ile kanga.

"Hapana," mama alisema. "Alikuwa mwalimu. Alikuwa ananirudishia ng'ombe wangu. Mwano nilipiga mimi, na nilijua si wezi."

Watu wakaguna. Mtemi akamwuliza tena, akajibu vile vile. Akaamuru alazwe chini, na fimbo akapewa Mwandu, ili ionekane kwamba hakuna upendeleo. Mjomba wangu alimchapa dada yake mbele yangu. Mwanzoni alichapa kama mtu anayelia, halafu hasira ikampanda, maana yeye ndiye aliyekuwa anapelekwa kwenye kitanzi, akachapa kama anaua nyoka. Gauni likachanika, ngozi nayo ikachanika. Baada ya kila mapigo machache mtemi aliinama akauliza, "Alikuwa nani?" Mama alijibu, "Mwalimu." Ilipofika mwisho alikuwa hawezi tena kulitamka, midomo tu inacheza. Wilhelmina akaitoa kanga juu ya maiti ya mwanawe, akaja kumfunika mama mgongo.

Sekondari akachinjwa jioni ile, ikawa faini, wakamla. Mama akatengwa: asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji, akifa asizikwe. Polisi wakakamata watu wawili wanyonge ambao hata hawakuwepo, wakawaachia baadaye kwa kukosa ushahidi. Ushahidi wa mama hakuna aliyeuandika. Walimu waliobaki wakaomba uhamisho. Mimi nilikaa na madaftari ya Mwalimu Dastan, nikasoma peke yangu, nikaenda kwenye mtihani. Nikafaulu. Wa kwanza tangu shule ijengwe.

Januarius alipolisikia hilo alifurahi kuliko mimi. Mkuu wa wilaya alikuwa anakuja kufungua madarasa yaliyoezekwa upya, kwa hiyo diwani akatuma mtu kwamba mtoto apande jukwaani aeleze jinsi michango ya wananchi ilivyoinua kiwango cha elimu, na yeye Januarius atatangaza hapo hapo kunisomesha mpaka nimalize. Asubuhi hiyo mama alinisuka nywele. Mgongo wake ulikuwa bado haujapona vizuri, alikuwa anakaa kiupande.

"Utasema asante," aliniambia. "Asante diwani, asante wazazi. Halafu ushuke."

"Na Mwalimu?"

"Asante, halafu ushuke. Umenisikia?"

Nilisikia. Nikapanda. Januarius akanishika bega kwa mkono mzito wenye saa, akasema maneno mengi kuhusu bati, akanipa kipaza sauti. Mbele yangu niliona Machibya, niliona mtemi, niliona Mwandu amevaa shati jipya. Kwa mbali, nje ya umati, mama alikuwa amesimama peke yake, na hakuna aliyekuwa karibu naye.

"Mimi nilifundishwa na Mwalimu Dastan," nilisema. "Mlimuua ninyi."

Januarius alininyang'anya kipaza sauti kwa nguvu hadi kikanipiga kwenye meno. Mtu akarusha jiwe. Nilivutwa na nguo nikasukumwa chini ya jukwaa, nikapigwa mateke na watu ambao mpaka leo nawasalimia sokoni, nikatambaa kati ya miguu yao mpaka nikatokea upande wa pili na damu mdomoni. Mama alikuwa amefika hapo. Nilidhani atanikumbatia. Alinizaba kofi, la kwanza maishani mwangu kutoka kwake, nikaona nyota.

"Ukweli nilikwisha kuusema mimi," alisema huku analia. "Wewe kazi yako ilikuwa kusoma."