Kwaya ya Mtu Mmoja

Nilimsikia mara ya kwanza katika duka la vitambaa, Bukoba mjini, mchana mmoja wa mvua. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa ghorofani juu ya duka hilo hilo, mmoja wa wachache wa jamii yake waliokuwa bado mjini. Mvua ikinyesha wateja hukosekana, naye huwasha redio kaseti yake na kusikiliza chochote kilichomo kwenye boksi la kanda alizoachiwa na watoto wake walioko Ulaya. Mimi nilikuwa nimejibanza barazani kwake nikisubiri gari la Muleba.

Nilichokisikia kilikuwa kwaya ya wanawake, au niliamini hivyo. Sauti moja ilianza chini kabisa, karibu na mnong'ono. Ikaja ya pili ikakaa juu yake, kisha nyingine, mpaka ikawa kama kanisa zima limesimama, na hakuna aliyemzidi mwenzake. Lugha sikuijua. Kiingereza nilikuwa nakijua, na Kilatini nilikuwa nimekisikia kwa Wakatoliki. Hii haikuwa mojawapo.

"Kwaya ya wapi hii, mzee?"

"Si kwaya. Mama mmoja tu, wa Ayalandi."

Nikamwambia haiwezekani. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu Dar es Salaam, na sikuwa nakubali jambo kwa sababu tu mtu mzima amelisema. Mzee hakubishana. Alinipa karatasi ya jalada, nikasoma: mwimbaji, jina moja, mtunzi, jina lile lile, sauti nyingine zote, jina lile lile. Akanieleza kwamba mama huyo huimba sauti moja, hurudisha kanda mwanzo, halafu huimba nyingine juu yake, kama fundi anayepanga matofali.

"Hana wenzake?" nikauliza.

"Binti, hilo jalada halisemi."

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Nilikuwa nakwenda Kagoma, huko Muleba, kumwona shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa mgonjwa wa ugonjwa ule ambao kwetu watu waliupa jina la shati lililokuwa likija kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka, kabla serikali haijauita UKIMWI. Na ndani yake mlikuwa na wimbo ambao hakuna mtu mwingine aliyebaki nao wote.

Wimbo huo aliutunga wakati wa vita. Sisi ni watu wa Rubafu, karibu na mpaka, na majeshi ya jirani yalipoingia tuliacha migomba na mbuzi tukakimbilia kusini pamoja na nusu ya kijiji. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Nakumbuka magodoro juu ya vichwa vya watu, na nakumbuka shangazi akiimba polepole kitu kisicho na maneno ili tusikilize yeye badala ya mizinga. Tulipofika Kagoma, Muleba, familia moja ya Kilutheri ikatupa chumba. Vita ilipokwisha baba aliturudisha Rubafu. Shangazi akabaki, akaolewa pale, akaingia kwaya. Kile kitu kisicho na maneno akakitia maneno na kukigawa katika sauti nne. Hakuandika noti hata moja kwa sababu hakuzijua. Alimfundisha kila mtu sehemu yake kwa mdomo, akaisahihisha kwa kupiga makofi.

Sasa ni lazima nieleze desturi ya kwaya ile, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inaua wimbo. Mwimbaji akifa, nafasi yake kwenye benchi huachwa wazi. Hakuna anayekaa pale wala anayepewa sehemu yake, mpaka matanga yaishe na mtu wa ukoo wake aje akalishwe kwenye ile nafasi mbele ya wenzake, kama mrithi wa nyumba anavyokalishwa. Katika miaka ya kawaida mambo hayo yalikwenda vizuri: bibi mmoja anafariki, mjukuu wake anakaa. Lakini miaka ile haikuwa ya kawaida. Matanga ya mmoja yalikuwa hayajaisha, mwingine anazikwa. Warithi wenyewe walikuwa wanaugua. Nilipofika likizo hiyo, benchi la sauti ya pili lilikuwa tupu isipokuwa shangazi, na shangazi mwenyewe alikuwa kitandani.

Nilimfuata mwalimu wa kwaya, mwanamume mpole aliyekuwa pia mkulima wa kahawa, nikamuuliza kwa nini wanajiziba mdomo wenyewe. Si wangechukua mtu yeyote mwenye koo?

Alikuwa anaanua kahawa. Hakuacha. "Mtu anaondoka leo, kesho unaweka mwingine mahali pake? Sisi si balbu, waitu," akaniambia kwa upole wa Kihaya.

Nilitafuta jibu njia nzima nikirudi kwa shangazi. 

Shangazi mwenyewe hakuwa akilalamikia kifo. Alichosema, na alikisema waziwazi akiwa amelalia ubavu, ni kwamba angependa wimbo wake usikike mzima siku ya kumzika, halafu usifukiwe pamoja naye. Wale waliobaki kila mmoja alikuwa na kipande. Wa sauti ya tatu hakujua ya kwanza inakwenda wapi. Ya nne ilikuwa na mzee mmoja, na mzee huyo alikuwa ameanza kusahau.

Nikamwambia habari za mama wa Ayalandi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Anajiitikia mwenyewe? Huyo ana mume kweli?"

Wiki hiyo nilimpeleka hospitali, na pale palikuwa na muuguzi wa kujitolea, mwanamke wa makamo kutoka Ayalandi. Nilimuuliza kama anamjua mwimbaji yule. Alifurahi kama mtu aliyetajiwa jirani yake. Akanieleza kwamba mwimbaji huyo ametoka kijiji cha wavuvi, mahali ambapo Kiingereza kilikuja baadaye na watu wa rika lake walikaribia kuiacha lugha ya nyumbani. Alijifunza kuimba kwa sauti nyingi katika kwaya ya kanisa. Lakini ule mwendo wake wa chini, ule unaoanza kama mnong'ono, aliutoa kwa bibi yake. Zamani kwao, mtu akifa, wanawake hukaa kumzunguka maiti na kumlilia kwa wimbo. Mmoja anaongoza, wengine wanadakia. Bibi alikuwa kiongozi wa vilio hivyo. Desturi ilipokufa, mjukuu alikuwa na sehemu ya kiongozi, lakini wa kudakia hawakuwapo tena. Kwa hiyo akadakia mwenyewe.

Nilikuwa na mashaka, na ninayo hata leo. Watu wanapenda kueleza muziki kwa hadithi nzuri ya bibi. Chuoni nilikuwa nimeandika insha nikidai kwamba kila tunachokiita asili ni kitu kilichokopwa na kusahauliwa kwamba kilikopwa. Nikamuuliza muuguzi: je, sauti ile ya mwangwi si ufundi wa mashine tu? Na hizo nyuzi zinazolia nyuma, si za kila mahali? Akakubali kwamba mashine zipo na nyuzi zipo. Akasema anachojua yeye ni kwamba akimsikia, humkumbuka mama yake mzazi akisuka kikapu. Shangazi, aliyekuwa akisubiri dawa kwenye benchi, akaniambia kwa Kihaya niache kumhoji mwenye sindano.

Nikarudi dukani kwa mzee wa Kihindi nikamweleza yote. Nilitaka kukodi redio mbili, shangazi naye ajiitikie mwenyewe. Hakutaka kusikia habari ya kukodi. Alinipa ile ya deki mbili za kanda iliyokuwa juu ya kabati, akatoa nyingine ndogo chumbani kwa mkewe, akatia na betri, kwa sababu alijua Kagoma hakuna umeme. Kilichomshughulisha ni kunifundisha: redio ya kwanza ipige sauti iliyokwisha rekodiwa, mwimbaji asimame kati, ya pili ichukue vyote. Kisha unazibadilisha. Alinionya kwamba kila safari itaongeza mvumo. Akanipa na kanda ya mama wa Ayalandi, nikamsikilizishe mgonjwa.

Shangazi aliisikiliza akiwa amefumba macho, mara moja tu. Akasema mama huyo anaimba vizuri lakini hamwachii Mungu nafasi ya kupumua. Halafu akaomba anyanyuliwe, aketi kwenye kiti karibu na mlango, ambako kulikuwa na hewa ya migomba.

Alianza na sauti yake, ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyobeba wimbo. Zile nyingine ziliizunguka. Na hapo nikapata tabu. Kila baada ya mstari alinyamaza. Alikuwa anakaa kimya, kidevu kimeinuka kidogo, halafu anaendelea. Nilidhani pumzi imemwishia. Mara mbili nilizima redio nikamwambia apumzike, turudie, ila safari hii asikae kimya katikati kwa sababu kanda inakwenda bure.

"Kwani nimechoka?" akauliza.

"Umenyamaza, shangazi."

"Pale si pangu. Ni pa wenzangu."

Nikaiacha iende. Tulipofika kwenye sauti ya kwanza, redio ikampigia ya pili na vimya vyake, naye akaanza kuimba juu yake, na kila mahali palipokuwa kimya sauti mpya ikaingia na kukaa. Alikuwa anawasubiri wanawake waliokuwa wamekufa, kwa urefu ule ule waliokuwa wakiuchukua, hata yule mmoja ambaye daima alichelewa kidogo. Aliimba sehemu ya huyo naye, kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeshika redio kwa mikono miwili na sikuthubutu kupangusa uso.

Ilituchukua siku kadhaa, asubuhi tu, alipokuwa na nguvu. Ya nne aliiimba juu kuliko mahali pake, koo lake lisingeweza kushuka kule. Mvumo ukaongezeka kama mzee alivyosema, mpaka wimbo ukawa unasikika kama unaimbwa ndani ya mvua. Na kuku wa jirani, aliyetaga mlangoni siku ya kwanza akatangaza, alibaki katika sauti zote nne. Hatukuweza kumtoa.

Mwalimu wa kwaya alikuja na waimbaji waliobaki, wakakaa kwenye mkeka.  Mara ya kwanza kanda ilipoisha, yule mzee wa sauti ya nne aliuliza kuku amepewa sehemu na nani, na sauti yake yeye imevaa gauni tangu lini. Shangazi alicheka kitandani. Walirudi kila jioni kabla ya jua kuzama, kila mmoja akijifunza kutoka kwenye redio kile alichokuwa amekisahau na kile ambacho hakuwahi kukijua. Nilikuwa napanga betri juani ili zipate nguvu kidogo. Mwalimu aliniambia, bila kunitazama, kwamba masomo yangu yana faida.

Kuna jambo moja tulilobishania. Nilitaka kanda ipigwe mazishini. Ndilo nililolielewa kuwa ombi la shangazi: usikike mzima. Mwalimu akakataa, sauti ya marehemu haiwezi kuimba wakati mwili wake uko kwenye jeneza, watoto watafikiri nini. Nikaona hilo ni woga. Tukamfikishia shangazi mwenyewe.

"Redio ikae nyumbani," akasema. "Waimbe wao. Yangu waiache wazi, kama desturi."

"Si ndiyo inayobeba wimbo?"

"Wameshaisikia."

Alifariki baada ya mimi kurudi chuoni. Nilisafiri kwa treni na meli nikawahi kumzika, kwa sababu ndugu walinisubiri. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi, watu wamekaa hadi shambani. Kwaya ilisimama kando ya kaburi na benchi la sauti ya pili likaletwa kutoka kanisani, tupu, likawekwa mahali pake. Wakaimba. Sauti tatu ziliingia, zikapishana, zikaacha katikati yao njia ambayo hakuna aliyeipita. Mimi ni mtu wa kutaka ushahidi, na ninachoweza kusema ni hiki tu: niliisikia sauti ya pili. Mwanamke aliyekuwa karibu nami alikuwa akichezesha midomo bila kutoa sauti, na nilipoangalia nyuma, wengi walikuwa wanafanya hivyo.

Matanga yalipoisha mwalimu alitangaza kama ilivyo kawaida: kama kuna wa ukoo, aje akae. Shangazi alikuwa ameacha binti mmoja, naye alikuwa mdogo mno. Watu wakanitazama. Mimi, ambaye mlo wa bweni nilikuwa naula huku nikibishana kama Mungu yupo. Nilimnong'oneza mwalimu kwamba siamini yote wanayoyaimba.

"Ya pili unaijua?"

"Naijua."

"Kaa basi. Binti akikua, utampisha."

Nikakaa. Benchi lilikuwa baridi na refu mno kwa mtu mmoja.

Redio nilizirudisha Bukoba. Mzee wa Kihindi aliomba asikie, tukampigia kanda dukani, mvua ya kwenye kanda ikichanganyika na ya nje. Alipomsikia kuku alitabasamu. Akaniuliza kama mama yule wa Ayalandi angependa kuisikia, nikamwambia hatutampata, na sijui ningemwambia nini. Labda kwamba alichokifanya kwa kukosa wenzake sisi tulikitumia kuwarudisha wetu. Labda asante tu. Kila likizo ninaporudi Kagoma nakwenda mazoezini na binti wa shangazi, ambaye sasa miguu yake inagusa sakafu. Namfundisha kwa mdomo, na kanda naiwasha kwenye redio ya kuazima pale tu tunapobishana. Juzi aliniuliza kwa nini nanyamaza katikati ya mistari.

Nikamwambia ahesabu pumzi moja, halafu aingie.