Maneno Niliyajua, Hoja Ikanipita

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitoka Bukoba mjini kwenda kwetu Kimwani, begi limejaa vikadi vya maneno ya Kiingereza. Nilikuwa mwalimu kijana wa kilimo. Mnyauko ulikuwa unamaliza migomba ya baba yangu, nami nilitaka kwenda ng'ambo kuusomea ugonjwa huo. Chuo kilidai kwanza nifanye mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamili. Hesabu hazikunitisha. Sehemu ya lugha ndiyo iliyonivuruga.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimejipima kwenye kompyuta, nikapata chini ya nusu. Sikuelewa kwa nini. Maneno nilikuwa nimeyakariri, hata lile la ajabu ambalo hapa lina maana ya kuruhusu na pale ya kuadhibu. Kadiri nilivyokariri ndivyo nilivyozidi kupotea.

Nilimkuta Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, anachambua kahawa mkekani. Kiingereza hakukijua.

"Koku, nisomee hicho kinachokuliza," akasema.

Nikamsomea habari ya wataalamu wawili wanaobishana kuhusu udongo, nikimfasiria neno kwa neno.

"Huyu wa pili anamkatalia nini mwenzake?"

Nikasoma tena. "Sijui, Tata."

"Maneno yake unayajua?"

"Yote."

"Basi hukumsikiliza. Ulikuwa unayahesabu tu."

Nilikasirika, sikufichi. Mimi mwenye shahada, nifundishwe kusoma Kiingereza na mtu asiyekijua? Niliondoka bila kumaliza chakula. Lakini nilipofika chumbani kwangu Kibeta, kule mjini Bukoba, nikafungua habari nyingine, nikajiuliza swali lake lile lile, nikakosa jibu. Aibu ikanishika.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikamwomba radhi. Kuanzia hapo, kila Jumamosi nilimsimulia habari moja kwa Kihaya, naye akinikatiza: "Hapo hueleweki. Rudia." Nikirudia, nagundua ni mimi nisiyeelewa. Siku moja nikaona kwamba kale kaneno kadogo ka "lakini", nilikokuwa nakaruka, ndiko kalikokuwa kamegeuza habari nzima.

Usidhani ukungu uliondoka wote. Siku ya mtihani nilichanganyikiwa tena, na kuna maswali mawili ambayo hadi leo sijui yalitaka nini. Alama zilizidi kidogo tu zile zilizotakiwa. Nilipompa Tata habari, alinishika mkono, akasema, "Nenda. Na huko usikilize."

Mwanangu, nimesikia nawe unajiandaa na mtihani huo, na kwamba umechanganyikiwa. Usione haya. Jifunze maneno, ndiyo, ila usiishie hapo. Ukisoma habari, funga kitabu, umweleze mtu wa nyumbani, kwa lugha yake, mwandishi anasema nini na anambishia nani. Ukikwama, hapo ndipo pa kurudia. Na anayekuuliza swali jepesi usimdharau, hata kama hakuingia darasani.

Mungu akufungue masikio kabla ya kinywa, akupe utulivu siku hiyo, na akurudishe kwetu salama ukiwa na cha kutufaa.