Homa ya Mzee Zablon

Aliyewahi kumsikia Zablon akipuliza tarumbeta katika bendi ya kanisa la Moraviani, pale Tabora mjini, hakuhitaji kuuliza habari za mapafu yake. Kilichomwangusha ni utumbo. Kwa miezi alikuwa akipata choo chenye damu na kuisingizia pilipili, mpaka mkewe Martha akamkokota hospitali. Huko akaambiwa ana saratani ya utumbo mpana, na dawa ya kwanza ni kisu.

Asubuhi ya upasuaji akaja Daktari Haifa, binti wa mjini hapo hapo aliyekuwa akifanya utafiti. Akamwamkia, akaomba damu kidogo kabla ya kisu na nyingine baadaye. Alieleza kwamba kinga ya mwili ina molekuli zake za kupelekeana habari ndani ya damu, ziitwazo saitokini. Mtu akikatwa, hata kwa wema, saitokini hupanda ghafla kutangaza kuwa kuna jeraha. Mambo yakienda sawa, hushuka. Zablon akasema alidhani umbeya uko kwenye kwaya tu, akanyoosha mkono.

Uvimbe ukatolewa. Kesho yake homa ikapanda, na mchungaji akafika na sala ndefu ya kumkabidhi kwa Muumba. Zablon akafumbua jicho moja, akamwuliza kama ana haraka. Haifa akamtuliza Martha: homa ya mwanzo mara nyingi ni mwili unaojibu kisu.

Kweli ikashuka. Zablon akaanza kuwachokoza wauguzi, akakataa kutolewa damu tena, akidai hata mbu wa kijiji cha Tura wana kiasi. Kisha homa ikarudi kwa kunyata na tumbo likaanza kumuuma, naye hakumwambia mtu. Alikuwa amesikia kwamba bendi inafanya mazoezi ya nyimbo za mazishi, na nafasi yake kapewa Adriano. Kufa angevumilia, kuzikwa kwa tarumbeta la Adriano, hapana.

Martha alipomwona anasukumia mbali uji wenye asali, akamgusa shingo.

"Baba Raymundi, utatoa damu," akasema, "au nimwite Adriano aje apulize humu humu wodini."

Akatoa. Saitokini zilizotakiwa kuwa zimeshuka zilikuwa juu kuliko siku ya kwanza. Haifa akamwita daktari mpasuaji, na picha ya tumbo ikaonyesha usaha: pale utumbo ulipounganishwa palikuwa panavuja. Zablon akarudishwa kwenye meza ya upasuaji.

Alipozinduka hakutania. Alimshika Martha mkono. "Niliogopa kusema," akanong'ona. Martha akamjibu kwamba alijua. Utani ukimzidi mumewe, huwa ana hofu.

Alilala wodini majuma kadhaa. Nyumbani alikatazwa kupuliza mpaka tumbo lipone, hivyo bendi ikamfanya mwalimu, na mpaka leo inajuta. Akienda kliniki hutoa damu bila kusukumwa, ila lazima Haifa amtajie kila kilichopimwa kwa jina. Interleukini sita, mojawapo ya saitokini hizo, huitamka kama jina la shemeji asiyempenda.