Mwanamume Aliyesiriba Sakafu

Nyinyi wajukuu zangu, na wenzenu mnaovaa fulana nyeusi zenye mafuvu, kaeni vizuri msome. Mimi shule nilifika darasa la tatu kule mlimani Sagalla, nikatolewa nikachunge mbuzi. Mkikuta neno limelala vibaya, liinueni muendelee. Msinicheke, kwa sababu hao watu wenu wa magitaa wanaimba jambo ambalo mimi niliishi nalo ukuta kwa ukuta.

Juzi mmoja wenu alikuwa amelala sebuleni, msichana mzima, akisikiliza huo muziki mnaouita hevi metali. Mwimbaji anakoroma kama fahali aliyekwama kwenye mlango wa boma. Nikamwambia apunguze.

"Nyanya, hii ni kitu ilifanyika kweli," akaniambia. "Huko Ulaya. Jamaa aliua bibi yake, akakaa naye ndani ya nyumba kama hakuna kitu. Halafu bendi ikatunga wimbo."

Alinitazama aone kama nitaruka.

"Na huyo mkewe," nikamwuliza, "alikuwa mrembo?"

"Aki nyanya! Sasa hiyo ni swali gani?"

Ni swali. Mwanamke akiwa mrembo, ndipo wanaume wanamtungia wimbo. Nawaambia ninalolijua.

Miaka ya sabini tulikuwa tunakaa Kaloleni, hapa Voi. Babu yenu alikuwa na kazi ya reli, anatia grisi kwenye magurudumu ya mabehewa, na Jumamosi anapiga gitaa kwenye baa moja karibu na stesheni. Nyumba zilikuwa za udongo, vyumba vya safu, mabati juu. Sakafu ilikuwa ardhi tupu. Kila Jumamosi asubuhi sisi wanawake tunakoroga udongo na mavi ya ng'ombe, tunapiga magoti, tunasiriba kwa mkono kuanzia ukuta wa ndani kurudi nyuma mpaka mlangoni. Ukimaliza, watoto wanafukuzwa nje mpaka pakauke. Ilikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamume hakuigusa, hata yule aliyeoa juzi na bado ana wazimu wa mke.

Chumba kilichofuata changu alikaa dereva wa lori la mkonge na mke wake, Mtaveta. Huyo mwanamke, sitawaficha, nilimwonea wivu tangu siku aliyoshusha godoro. Alikuwa mrefu, ana mwanya, anatembea kana kwamba barabara imetengenezwa kwa ajili yake. Alikuwa akienda Taveta, anarudi na vitenge vya ng'ambo ya mpaka, anauza sokoni, na kila kitenge kilipendeza zaidi kikiwa mwilini mwake. Siku zote alijitanda leso mabegani, hata jua likichoma. Nilisema ni maringo. Akifika bombani, wanaume wanakumbuka baiskeli zao zina matope. Babu yenu alimwita "jirani," kwa sauti ya chini, vizuri. Mimi aliniita "wewe."

Nilimwonea wivu hata wa redio. Walikuwa na redio kubwa ya mbao, na jioni dereva akirudi ilifunguliwa mpaka ukuta wetu unatetemeka. Nilimwambia babu yenu, "Umesikia wenzako wanavyostarehe? Sisi tunasikilizana tukitafuna." Akaendelea kutafuna.

Basi asubuhi moja, tena haikuwa Jumamosi, natoka na ndoo naona mlango wa jirani uko wazi, na dereva amepiga magoti, mikono imeingia matope mpaka kwenye viwiko. Anasiriba.

"Shemeji!" nikamwita. "Hii ni miujiza gani?"

Akacheka. "Mwenyewe ameenda Taveta kuona mama yake. Nataka akirudi akute nyumba safi."

Niliweka ndoo chini. Nikaita wanawake wa safu nzima waje waone. Tulisimama pale mlangoni kama watu walioenda maonyesho. Mmoja akasema, "Mungu wangu, na sisi tuliolewa na magogo." Mwingine, bibi mmoja mwenye ulimi, akamwambia, "Baba, unasiriba kama mtu anayepanda mahindi. Anzia ukutani, rudi nyuma!" Tukacheka mpaka machozi. Dereva naye alicheka. Akakaribisha chai. Mimi na yule bibi mwenye ulimi tuliingia, tukakanyaga pembeni palipokauka, tukakaa kwenye kitanda chao tukanywa chai ya maziwa. Ilikuwa na tangawizi. Nilitazama vile vitenge vilivyokunjwa juu ya sanduku, nikasema moyoni, huyu mwanamke ana nini ambacho mimi sina?

Jioni babu yenu alikiona cha moto. "Mwenzako amesiriba nyumba kwa mikono yake! Wewe hata sufuria hujawahi kuisogeza. Mwanamke ameenda kutembea tu, anasiribiwa. Mimi nikienda kwa mama nitarudi nikute nini? Kunguni?"

Aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa. "Amekwenda Taveta?" akauliza.

"Kwani inakuhusu?"



Kesho yake dereva akasiriba tena. Na kesho kutwa yake. Yule bibi mwenye ulimi alianza kushangaa. Sakafu husiribwa mara moja kwa wiki, nayo yake kila asubuhi ilikuwa imetoa nyufa katikati, mviringo, kama uji ulioganda. Mimi nilijibu kwamba ni kwa sababu hajui kuchanganya, ameweka udongo mwingi na mavi kidogo. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu. Nilikuwa na haraka ya kumtetea kwa sababu nilitaka mume wa namna hiyo awepo duniani.

Kisha akaja kaka wa yule mwanamke, kutoka Taveta, amebeba mkungu wa ndizi. Akauliza dada yake yuko wapi. Tukamwambia, "Si yuko kwenu?" Akasema kwao hajafika. Akaingia ndani, na mguu wake ukadidimia pale katikati.

Nitawaambia kidogo tu. Polisi walikuja na majembe. Dereva walimkuta kazini, anapakia mkonge, hata hakukimbia. Walipomtoa yule mwanamke walimfunika kwa kitenge kimoja kutoka pale juu ya sanduku. Mimi chai yenye tangawizi sikuinywa tena, na nyinyi mkija na mandazi yenu mnajiuliza kwa nini.

Ilijulikana kwamba dereva alimpiga mkewe miaka yote, na redio ilikuwa ya kufunika kelele. Alikuwa amemshuku na mwanamume. Mwanamume gani, hakuna aliyesema.

Sasa ndiyo nafika kwenye wimbo.

Bendi ya babu yenu ilinunua gitaa la umeme na spika kubwa kama kabati. Ndani ya mwaka mmoja wakatunga wimbo wa jirani, na mtunzi ni yeye. Wimbo ulikamata. Ulipigwa hapa, ukapigwa Mwatate, ukafika hadi Taveta kwao marehemu. Wasichana wadogo waliruka nao kamba. Ulikuwa na kelele kama hizo zenu; mahali pa kuchimba sakafu, gitaa lilikwaruza mpaka meno yakauma, na watu walipenda hapo kuliko mahali pengine. Na mimi niliyezaa watoto wake, niliyefua ovaroli zenye grisi kwa majivu na maji baridi, sikuwahi kutungiwa hata mluzi.

Nilikuwa nausikia kwa mbali tu, maana mimi na baa hatukuwa marafiki. Lakini Jumamosi moja mchana mtoto alikuwa na homa, nikaenda kumwita babu yenu. Wanawake wauza samaki pale mlangoni waliponiona wakaanza.

"Karibu, mama! Umekuja kusikiliza wimbo wa mke mwenzio?"

"Mke mwenza wa namna hiyo ni mzuri," akadakia mwingine. "Hali chakula, hadai zamu!"

Nikawapita, nikaingia. Ndani watu wanacheza, jasho tupu, na babu yenu amefumba macho. Nikasikia maneno yote kwa mara ya kwanza. Sehemu nyingi ni kulia na kusifu. Halafu akaimba:

*Kovu la begani ulilonionyesha,*
*jirani, mbona nililifumbia macho?*

Nilisimama katikati ya wale wachezaji kama nguzo. Begani? Huyo mwanamke hakuna aliyewahi kuliona bega lake. Mimi niliyekuwa naoga naye bafu moja la makuti sikuliona. Ulilonionyesha. Kumwonyesha nani, wapi, leso ikiwa imeenda wapi?

Nikamshika babu yenu mkono, gitaa likatoa mlio mbaya. "Mtoto anaumwa," nikamwambia. "Na wewe utaumwa baada yake."

Mtoto alipopata nafuu, nilifunga nguo zangu kwenye shuka. Jumapili kanisani sikwenda, jikoni sikuwasha moto. Nikakaa juu ya fundo la nguo mlangoni, nikamngoja aamke vizuri. Nilikuwa nimeamua: akisema uongo, napanda Sagalla na watoto na harudi kutuona.

"Lile kovu," nikasema.

"Ni wimbo tu."

"Nimekuuliza lile kovu uliliona wapi. Ulikuwa wewe? Ndiwe mwanamume aliyeshukiwa?"

Alikaa chini, juu ya ardhi, mbele yangu. "Sikumgusa," akasema. "Alikuja hapa. Mchana, wewe ulikuwa umeenda shambani kwa mama. Alibisha hodi analia. Akatoa leso begani, akanionyesha, alikuwa amechomwa na pasi. Aliomba akae humu ndani mpaka kaka yake aje amchukue."

"Ukasema nini?"

"Nikamwambia arudi kwake, avumilie."

"Kwa nini?"

Nilirudia swali, mara hii nimesimama.

"Kwa sababu yako," akasema. "Ungerudi umkute ndani ya nyumba yako, yeye, kati ya wanawake wote. Ungeninyonga. Nilikuogopa wewe."

Nyinyi hamjui ninavyokuwa nikikasirika, mnajua kidogo tu. Siku ile watoto walikimbilia kwa majirani.

"Usinitumie mimi kama kufuli," nikamwambia. "Ningepiga kelele, ndiyo. Ningekutukana wewe, ningemtukana yeye, ningetukana mpaka vitenge vyake. Lakini ningepiga kelele yeye akiwa ndani! Nani alikuambia mwanamke mwenye wivu hana macho? Ungenionyesha hilo kovu mimi!"

"Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuniuliza. Ukaenda kuuliza gitaa."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia kabla wala baadaye. Nilimwacha alie, sikumpa kitambaa. Nilimwamini, maana uongo wake naujua, huanza na maneno mengi. Lakini msidhani wivu uliisha. Ulihamia upande mwingine. Tulikuwa tunaishi ukuta mmoja, tunachota bomba moja, na siku aliyohitaji mtu alikuja mimi nisipokuwepo. Labda alingoja nitoke. Alimwonyesha mume wangu kile ambacho mimi nilipaswa kuonyeshwa. Mpaka leo jambo hilo linanichoma, na nimezeeka nalo.

Nilifungua lile fundo nikarudisha nguo kwenye sanduku. Sikurudisha kwa ajili yake. Nilirudisha kwa sababu nyumba ni yangu pia, na niliona kama nikitoka, mlango utabaki na mtu asiyejua kuufungua.

Nikawaita watoto warudi kutoka kwa majirani, wakasimama kwa mstari, mdogo bado ana pua inayotiririka. Babu yenu nikamwambia asimame nao, mwisho wa mstari, naye akasimama. Wimbo nikasema hautaimbwa tena ndani ya ua huu, wala kwa mdomo wala kwa mluzi. Huko baa wafanye wapendavyo. Kisha nikawapa amri nyingine, ambayo hata nyinyi mmezaliwa mkaikuta:

"Mwanamke akibisha hodi hapa analia, afunguliwe. Mimi nipo au sipo. Awe mrembo, awe mchafu, awe yule ninayemchukia kuliko wote. Afunguliwe, apewe kitanda changu, na mlango ufungwe nyuma yake. Mimi nitagombana naye nikirudi."