Mafuta Juu ya Santuri ya Wamongolia

Yasinta alikuwa mtu wa kusikiliza milango. Kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Dallas, alijua kwa namna mlango ulivyofungwa kama bibi wa chumba cha mwisho ameamka vibaya. Nyumbani DeSoto, mji wa jirani, alijua kwa namna funguo zilivyotupwa mezani kama mumewe, Modestus, amerudi salama na lori lake au amegombana na mtu njiani. Na binti yake wa pekee, Precious, alimjua kwa kupumua tu kwenye simu. Kwa hiyo siku Precious alipopiga na kusema kwa furaha, "Mama, hatimaye tumeipata ya kwanza," Yasinta hakuuliza ni ya kwanza gani. Aliuliza wewe na nani.

"Mimi na mama mdogo."

Mama mdogo ni Prudensia, mdogo wake Yasinta wa tumbo moja. Alikuwa na shahada ya uhasibu, ofisi yenye dirisha, na nyumba Sugar Land, jirani na Houston, yenye vyumba vingi kuliko watu. Mtoto hakujaliwa. Precious alipopata chuo Houston, ilikuwa wazi kwamba atakaa kwake. Ndugu wote walisifu, na Yasinta mwenyewe alishukuru kwa magoti, halafu akaanza kupata usingizi wa mang'amung'amu.

Hiyo ya kwanza ilikuwa albamu. Kulikuwa na bendi ya Wamongolia wanaopiga ule muziki mzito wa magitaa ya kuunguruma, na juu ya magitaa yale mtu anaimba kwa koo kama fahali aliyefungwa zizini. Jina la bendi Yasinta hakuweza kulitamka. Walikuwa wametoa albamu tatu, na Precious alizitaka zote kwenye santuri, zile sahani nyeusi kubwa za zamani ambazo vijana wa siku hizi wamezirudia. Ya pili na ya tatu alikwisha kuwa nazo. Ya kwanza haikuchapwa tena, na ilikuwa imetafutwa kila mahali.

Yasinta alizijua sauti zile. Precious akiwa bado shule ya sekondari, aliwahi kuzifungulia sebuleni DeSoto, kwa sauti ya juu, akisema mama njoo usikie. Yasinta alikuwa ametoka zamu, miguu imevimba. Alimwambia azime hayo mapepo. Precious akazima, akavaa vifaa vyake vya masikioni, na tangu siku hiyo hakumwita tena mama yake aje asikie kitu.

Prudensia hakusema zima. Prudensia alimnunulia mashine ya kuchezea santuri.

Hilo ndilo lililomkaa Yasinta rohoni kama mfupa wa samaki. Alimwambia Modestus kwa simu, naye akiwa mahali fulani Oklahoma akipakia mzigo. Modestus akacheka. Akasema mke wangu, wanaume wengine wanaogopa wachumba, wewe unamwogopa mdogo wako na Wamongolia. Yasinta akakata simu. Jambo lililomwogofya halikuwa la kuchekwa: Precious alikuwa hajasema kama Krismasi atakuja DeSoto au atabaki Sugar Land. Kila alipoulizwa alijibu kwa Kiingereza kwamba wataona.

Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani ilipofika mwishoni mwa Novemba, Yasinta aliwasha gari akashuka kusini peke yake, akiwa na mlenda mkavu uliotoka kijijini kwao Bihawana na unga wa uwele. Mlangoni kwa Prudensia aliona jozi mbili za viatu vya kufanana, vya rangi moja, saizi tofauti. Akavitazama zaidi ya viatu vinavyostahili kutazamwa.

Aliwakuta wameketi chini kwenye zulia. Prudensia, mtu mzima na kucha zake za kupaka rangi, alikuwa akigeuza santuri kwa kuishika pembeni kwa ncha za vidole, kama mtu anayegeuza chapati ya moto. Akashusha sindano. Magitaa yakaanza kuunguruma, kisha yakanyamaza, na ndani ya ukimya ule kikaingia chombo cha nyuzi kikilia kwa kusuguliwa.

"Huyo sasa," alisema Prudensia. "Babu yako anaingia."

Precious akacheka, akafumba macho. Yasinta alibaki amesimama na mfuko wa mlenda mkononi. Chombo kile kilikuwa kinalia kama zeze la baba yake, zeze hasa, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Prudensia akaendelea kumweleza Precious, inaonekana si kwa mara ya kwanza, kwamba Wamongolia nao ni wafugaji kama Wagogo wa kwao, na kwamba babu alipokuwa akipiga jioni, yeye Prudensia ndiye aliyekuwa akitafuna utomvu wa mti mpaka ulainike, kisha anampa babu apake kwenye upinde wa zeze.

Yasinta aliwapa mgongo. Aliingia jikoni akaweka mlenda, akafungua bomba la maji bila sababu, akalifunga. Aliyetafuna utomvu ule alikuwa yeye. Uchungu wake alikuwa nao ulimini mpaka leo. Prudensia wakati huo alikuwa mtoto wa kubebwa, na aliyembeba mgongoni ni huyu huyu Yasinta.

Sikukuu ikapita kwa amani ya juu juu. Kesho yake mchana Prudensia na Precious walitoka kwenda dukani, wakamwacha Yasinta apumzike. Hakupumzika. Alikwenda kusimama mbele ya santuri tatu zilizopangwa ukutani: moja ina farasi mweusi kwenye jalada, moja mlima wenye theluji, na moja mkono wa mwanamke ulioshika upinde.

Kwenye mkoba wake, Yasinta hakukosa kichupa cha mafuta ya mzeituni yaliyobarikiwa. Wanakarismatiki wenzake wa kanisani wote walikuwa nacho. Alipaka milango ya nyumba mpya, usukani wa lori la Modestus, na paji la uso la Precious kila asubuhi ya mtihani tangu darasa la kwanza. Sasa alijiambia kwamba ile sauti ya koo si ya bure, na mtoto hawezi kuachwa hivi hivi. Alijiambia hivyo mara kadhaa, maana haikumwingia vizuri. Akaitoa ile ya farasi, ndiyo ya kwanza, iliyotafutwa na wawili wale bila yeye. Jalada aliliona kama nguo tu, na pepo hakai kwenye nguo. Akachomoa sahani yenyewe, akaweka mafuta kwenye dole gumba, na akachora msalaba mkubwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Alikuwa anataka kuchukua ya pili aliposikia gari.

Precious aliingia akiwa na uso mwema. Akasema mama, kaa hapa, kuna kitu nimetaka usikie tangu jana lakini ulikuwa jikoni tu. Akachukua santuri ya farasi. Yasinta alikaa, akaubana mkoba kwapani.

Sindano ilikwaruza, ikateleza, ikakwaruza tena. Precious akaiinua upesi, akaipeleka sahani dirishani. Msalaba ukang'aa. Akanusa, akageuka.

"Haya ni mafuta yetu," alisema. "Mama, kwa nini?"

Prudensia alisogea akatazama. "Dada," akasema, "umeibariki au umeikaanga?"

Pengine alitaka kupoza mambo. Lakini kicheko kidogo kilichokuwa kwenye sauti yake ndicho kilichopasua chungu.

"Wewe usinichekee," alisema Yasinta. "Unamwambia mwanangu ulitafuna utomvu wa zeze. Ulitafuna na meno gani? Ulikuwa mgongoni mwangu, unanikojolea."

Prudensia akaacha kucheka. Alikaa kwenye mkono wa kochi. Aliposema, alisema polepole kwamba hakudanganya kwa makusudi. Baba alipokufa yeye alikuwa mdogo mno, hata sura yake haikumbuki. Yasinta ndiye aliyekuwa akimsimulia kila usiku ili alale, utomvu, upinde, ng'ombe wakirudi, mpaka ikawa kama yalimpata yeye mwenyewe.

"Sina baba mwingine zaidi ya yule uliyenisimulia, dada."

Hapo Precious aliiweka santuri mezani. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Yasinta kuliko hasira.

"Kwa hiyo yeye ulimsimulia kila usiku," alisema. "Mimi mbona hukunisimulia hata mara moja?"

Yasinta akahesabu sababu. Zamu za usiku, miguu, barabara, kodi, yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotosha. Akasema tu, "Ilete niioshe."

Walikwenda kwenye sinki. Precious alitengeneza maji ya vuguvugu na tone la sabuni, akamfundisha kushika ukingo bila kugusa karatasi ya katikati, na kupitisha kitambaa laini kwa kufuata mzunguko. Yasinta alikuwa ameogesha wazee kwa miaka mingi; mkono wake ulijua upole. Alipokuwa akiosha, bila kuombwa, akaanza kusimulia: utomvu ulivyokuwa mchungu, baba alivyokuwa akiupokea bila kumtazama, kiganja wazi tu. Precious alifungua simu yake akairekodi sauti ya mama yake. Prudensia aliegemea mlango wa jikoni, akadakia kwamba wasimsahau yule ng'ombe mwenye pembe moja.

"Nyamaza," Yasinta alimwambia. "Ulikuwa mgongoni."

Santuri ilipokauka ilicheza, ila mafuta hayakutoka yote. Pale msalaba ulipopita kukabaki mkwaruzo mdogo unaorudi kila mzunguko, hata zeze la Wamongolia lilipoingia. Precious alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitia kwenye jalada la farasi, akampa mama yake, akasema hii ikae DeSoto, yeye atakuja kuisikiliza Krismasi.

Yasinta aliilaza kiti cha mbele na kuifunga mkanda. Alikuwa amekwisha kuwasha gari Precious alipoinama dirishani kuongeza kwamba kule hakuna mashine, kwa hiyo mama mdogo atakuja na yake, na atalala wiki nzima.

"Aje," alisema Yasinta.

Barabarani kuelekea Dallas alipanga vyumba kichwani. Prudensia atamweka chumba cha mwisho kabisa, kile kilicho karibu na gereji. Santuri za mlima na mkono wa mwanamke zilikuwa zimebaki Sugar Land, na hilo hakulisahau hata kidogo: kwa mdogo wake mbili, kwake moja.