Safari yetu ya retraite: ya kutembea ilikataliwa, ya hospitali ikachangiwa

Wakuu, salamu kwenu wote, mliolala vizuri na mliolala vibaya.

Mimi ni mzee wa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Kiswahili changu kina Kifaransa ndani, mtanivumilia. Ninayoandika yametupata mimi na mke wangu, na sijatia chumvi, maana hata kwenye chakula daktari ameshaikataza.

Nina hasira, nasema mapema ili mtu asije kuniuliza mbona naandika hivi.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Maisha yangu yote ya kazi nimechora Mto Nile ubaoni kwa chaki, unavyotoka ziwani pale Jinja, Uganda, unavyopanda ramani mpaka Misri. Watoto wa Butembo wameujua Nile kwa mkono wangu. Mimi mwenyewe sijawahi kuuona.

Mke wangu, Mama Masika, alikuwa anauza maharagwe soko la Bulengera. Yeye safari zake zote zilikuwa Beni, na zote za matanga.

Nilipopata retraite, yaani kustaafu, yeye ndiye aliyeleta wazo. Aliniambia ni aibu mwalimu kufundisha maji ambayo hajatia hata kidole. Akasema twende Jinja, tulale siku chache, tule samaki, turudi. Sisi wawili tu.

Wakuu, nilishikwa na furaha ya kitoto. Nikamweleza kwamba hata Semliki, mto unaouvuka ukienda Kasindi kwenye mpaka, maji yake yanaishia kwenye Nile hukohuko mbele. Akasema basi tuko ndugu na Wamisri, hatuna sababu ya kuogopa.

Tukatafuta karatasi za kuvukia mpaka. Yeye akanunua viatu vya ngozi, vyeusi, vya kufunga. Alisema hawezi kwenda kwa watu na ndala.

Sasa hapa ndipo tulipokosea.

Tulienda kuaga.

Kwetu huwezi kuvuka mpaka bila kumwambia mkubwa. Na upande wa mke wangu mkubwa ni kaka yake, shemeji Paluku. Ukishakuwa umeoa kwao, neno lake utalisikiliza hata uwe na mvi kichwa kizima.

Paluku akauliza nani amekufa Uganda. Tukasema hakuna. Akauliza tunafuata bidhaa gani. Hakuna. Mgonjwa ni nani? Hakuna mgonjwa. Akatuangalia kama watu waliokunywa asubuhi.

"Sasa munaenda kufanya nini?"

Mke wangu akajibu kwamba tunaenda kutembea.

Akasema, "Batu banakufa ku barabara ile, ninyi munaenda kuangalia maji? Maji iko hapa."

Niwe mkweli, kuhusu barabara hakuwa mjinga. Barabara ya Beni kwenda Kasindi ina habari zake za waasi wenye bunduki, na nyingine watu huzikwa nazo. Lakini wafanyabiashara wa ukoo wetu wanaipita kila juma na Paluku anawapa baraka na kuwaagiza sabuni. Barabara ilikuwa mbaya kwa furaha yetu tu.

Akasema tungoje. Tukangoja.

Habari ikazunguka mtaa. Kila jirani akawa na maoni. Wengine walisema mwalimu ameficha pesa. Wengine walisema uzee umempanda kichwani. Hata kanisani mama mmoja alimuuliza mke wangu kama haoni aibu, bibi wa wajukuu, kwenda kustarehe wakati watu wanalia.

Mke wangu alirudi nyumbani. Akavaa vile viatu akaenda navyo shambani, kuvilainisha, eti siku ya safari visimbane.

Akawa anavivaa kila siku tukingoja ruhusa. Misa na viatu. Soko na viatu. Vikamtoa lengelenge kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia.

Nani anaogopa lengelenge? Tuliosha na maji ya chumvi. Likapasuka, likawa kidonda, kidonda kikakataa kukauka. Kidole kikawa cheusi. Yeye hakusikia maumivu, na sisi tukashukuru kwamba hasikii maumivu. Wakuu, mkiona kidonda hakiumi, hapo ndipo mkimbie.

Hospitali ya hapa Butembo wakampima damu. Sukari. Ilikuwa imejaa, tena ya siku nyingi, wala hatukujua. Kukojoa usiku na kiu tulisema ni uzee.

Wakatoa kidole, uozo ukapanda. Daktari akasema mguu unataka wataalamu wa Kampala, na haraka.

Sasa sikilizeni.

Paluku alikuja jioni ileile. Hakuuliza habari ya barabara. Kesho yake mchango ulikuwa umeshajaa. Wale majirani waliosema uzee umenipanda kichwani walileta bahasha. Yule mama wa kanisani alileta kuku na akalia kweli, machozi ya kweli. Gari likapatikana. Paluku akasema atatusindikiza mwenyewe.

Safari ya furaha tulinyimwa hata neno zuri. Safari ya mguu kuoza ukoo mzima ukasimama.

Sisemi Paluku ndiye aliyemtia sukari. Sukari ilikuwepo. Lakini sitasahau jinsi kila mlango ulivyofunguka.

Tulivuka Semliki mke wangu akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma. Nilimwambia tumefika mtoni. Hakuweza kuinuka kuangalia.

Kampala wakakata mguu chini ya goti. Nilisaini mimi. Siandiki zaidi hapo.

Akapona vizuri kuliko walivyotarajia. Siku ya kutoka, amekaa na magongo yake mawili, akamuuliza nesi Jinja ni mbali gani. Nesi akasema si mbali, asubuhi unaenda, mchana umeshakula samaki.

Mke wangu akamgeukia kaka yake, ambaye kwa heshima humwita Yaya. Kwa miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumsikia akiomba kitu kwa sauti ile.

"Yaya, ni hapa karibu. Nione tu, kisha turudie."

Paluku alikuwa ameshika mfuko wa mchango. Akaangalia chini.

"Batu balitoa makuta juu ya mugulu yako, hapana juu ya kuangalia maji. Nikirudi nitabaambia nini?"

Nikamwambia nitalipa mimi, nitauza mbuzi nikifika, na kama ni maneno ya watu nitayabeba peke yangu. Nilisema mengi, mengine kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, ambayo shemeji haambiwi. Akasema nimechoka, nipumzike. Mke wangu akanishika shati.

Tukageuza. Huo umbali wa Kampala na Jinja, wakuu, ni kama mtu kutoka Butembo apite Beni kidogo. Tulikuwa tumemaliza nchi nzima ya watu, tukakosa kile kipande.

Nyumbani tulipokelewa kwa nyimbo. Watu walishukuru Mungu kwa safari njema.

Sasa daktari anasema mguu wa kushoto ulindwe kama yai, na safari ndefu zisubiri kwanza. Watu wananiambia imeahirishwa tu, mwalimu, Mungu yupo. Najua yupo. Na mimi nipo, na miaka inaenda.

Juzi tumekaa nje, namfunga bandeji, akaniambia:

"Papa Masika, siku ingine tukitaka kwenda, useme tena niko mugonjwa. Batatuachia njia."

Yeye alicheka. Mimi nilishindwa.

Nilichojifunza ni hiki: ukiwa na safari ya furaha, nenda miguu yote ikiwepo. Usiipeleke kwenye kikao cha ukoo. Ukoo ni mzuri sana kwenye kilio na hospitali, huko sina lawama, walitubeba. Lakini furaha ya wazee wawili haina mtu wa kuichangia. Na mkapime sukari, hata kama mnajiona wazima.

Sukari ikitulia msimu wa kiangazi tutaondoka. Anajua binti yetu tu, Masika, aliyeko Beni. Paluku hatakuja kuagwa.

Kwa hiyo naomba mnijibu kitu kimoja. Aliyewahi kusafiri na mtu wa magongo kutoka mpakani mpaka Kampala: ngazi za basi zina urefu gani, na je, madereva wanakubali kungoja mtu apande polepole?

Pole msiniandikie. Pole tulizopewa bado hatujazimaliza.